Sodiamu Isiyoonekana Kwenye MRI: Ilipotea Wapi?

Dhana iliyodumu kuliko zote kuhusu MRI ya sodiamu, yaani picha za mwili zinazopigwa kwa sumaku kwa kupokea ishara ya sodiamu badala ya ile ya hidrojeni, ni kwamba ishara inayokosekana hutokana na sodiamu iliyonata kwenye protini ndani ya seli. Mwaka 1967 Freeman Cope, mtafiti wa Marekani, alipima misuli, figo na ubongo, akaona kwamba sehemu kubwa ya ishara iliyotarajiwa, takriban asilimia 60, haikuonekana, naye akahitimisha kuwa sodiamu hiyo imefungwa. Kipimo chake hakikuwa na kasoro. Tafsiri ndiyo iliyopotoka. Mwaka 1972 watafiti Shporer na Civan walichunguza mchanganyiko wa maji na linoleati ya sodiamu, chumvi ya asidi ya mafuta, ambao hauna seli wala protini, na humo pia ishara ikapungua kwa kiasi kilekile.

Ukweli umo ndani ya kiini chenyewe cha atomu ya sodiamu. Sodiamu-23, aina ya sodiamu inayopimwa, ina spini (sifa inayokifanya kiini kiwe kama sumaku ndogo) ya 3/2, yaani ikiwa ndani ya sumaku ina ngazi nne za nishati na miruko mitatu kati yake, inayogawana ishara kwa uwiano wa 3:4:3. Katika tishu, ioni zinapopita karibu na protini na utando wa seli, uga wa umeme wa mahali hapo huivuruga ile miruko miwili ya pembeni haraka zaidi, kiasi kwamba asilimia 60 ya ishara hufifia haraka, kwa muda bainifu wa milisekunde 0.5 hadi 5, ilhali asilimia 40 hufifia polepole, kwa muda bainifu wa milisekunde 15 hadi 30. Hakuna kundi la ioni lililojificha, kwa kuwa kila ioni huchangia sehemu zote mbili.

Kutokana na hilo, wanaodhani kwamba mahali penye giza kwenye picha pana sodiamu kidogo wanakosea, tena kosa hili linaweza kumgharimu mgonjwa. Tuchukue tishu ambayo muda bainifu wa sehemu yake ya haraka ni milisekunde 2 na wa ile ya polepole 20. Mashine ikisubiri milisekunde 10 kabla ya kupokea ishara, itapata takriban robo tu, ikisubiri 0.3, itapata zaidi ya asilimia 90. Maji yanayozunguka ubongo, ambayo ishara yake hudumu zaidi ya milisekunde 50, hubaki na zaidi ya asilimia 80 hata baada ya hizo 10, kwa hiyo yatang'aa kupita kiasi na kuifanya tishu iliyo kando yake ionekane fukara wa sodiamu. Ndiyo maana wanaopima wingi halisi huanza kusoma mapema iwezekanavyo, wakitoka katikati ya nafasi ya data (ramani ya ishara ghafi ambayo picha huundwa kutokana nayo) kuelekea nje.

Wengine huamini kwamba sumaku yenye nguvu zaidi humaliza tatizo. Sumaku ya tesla 7 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku) huongeza ishara kweli, na tunaihitaji, maana katika uga uleule usikivu wa sodiamu ni kama asilimia 9 tu ya ule wa hidrojeni. Lakini ile sehemu ya haraka huendelea kuzimika ndani ya milisekunde chache vilevile.

Lipo pia dai kwamba kichujio cha kwanta tatu, mbinu ya kuchagua sehemu moja ya ishara ya sodiamu, huonyesha sodiamu ya ndani ya seli peke yake. Kichujio hicho huteua ioni ambazo mwendo wake umezuiwa na mazingira yake, na ioni za namna hiyo zipo nje ya seli pia, hasa kwenye gegedu, ambako sodiamu nyingi hushikiliwa na chaji hasi za proteoglikani, molekuli za protini na sukari zilizo nje ya seli.