Ringi za Nguzo, Siyo Unene wa Zege

Tangu notisi za kukagua kama majengo ya zamani ya zege yatahimili tetemeko la ardhi zianze kutolewa, wamiliki wengi wanatujibu hivi: "Jengo lina miaka 50, halina hata ufa." Huenda ni kweli. Ila uzito wa ghorofa hushuka wima, na nguzo imeuzoea. Tetemeko huisukuma nguzo kwa ubavu, huku na huku, na hapo kinachoiokoa ni ringi za chuma zinazofunga nondo zilizosimama.

Februari 9, 1971, tetemeko la San Fernando, California, liliikuta hospitali ya Olive View ikiwa jengo jipya. Nguzo za kona zilizofungwa ringi za kawaida zilisagika. Zilizozungushiwa chuma mfululizo, mithili ya springi, zilipukutika zege la nje tu. Kiini, yaani zege lililo ndani ya chuma hicho, kikaendelea kubeba ghorofa za juu. Katika majengo ya enzi hizo ringi mara nyingi zimeachana sana na ncha zake zimekunjwa nyuzi 90, hivyo zege la nje likibanduka, ringi inafunguka. Siku hizi ncha hukunjwa nyuzi 135, zikazama ndani ya kiini.

Lipu mpya haiongezi nguvu yoyote. Tafadhali msituletee picha za rangi kama ushahidi wa ukarabati.

Utaratibu ni huu: mhandisi anapima nondo kwa kifaa, anabandua zege kwenye nguzo chache aone ringi kwa macho, anatoa sampuli za zege kwenda maabara, anapiga hesabu na kuchora. Kibali kwanza, kazi baadaye. Anayeanza bila kibali husimamishwa, na kilichokwisha kufunikwa huamriwa kifunuliwe kwa gharama yake. Muda upo. Los Angeles, kwa sheria ya 2015, humpa mmiliki miaka 3 kuwasilisha fomu ya awali, 10 kuwasilisha tathmini na 25 kumaliza kazi.

Nguzo huweza kuvishwa koti la zege lenye ringi mpya, bamba za chuma, au kitambaa cha nyuzi za kaboni. Kuta mpya za zege nazo husaidia, mradi zianzie kwenye msingi na zigawanywe pande zote. Ukuta mmoja wa upande mmoja hulifanya jengo lijipinde.

Pengine dawa ni kupunguza. Ukuta wa nusu chini ya dirisha huibana nguzo, ikavunjikia pale juu palipobaki wazi. Hapo tunakata mwanya kati ya ukuta na nguzo na kuujaza kitu laini. Fundi rangi asiuzibe kwa saruji.