Uhalisia mkavu: maana yake, na kwa nini filamu za uhalifu za Uingereza huwagombanisha watazamaji

Uhalisia mkavu ni usimulizi usiotia chumvi wala sukari. Filamu inayoufuata haina muziki wa kukuambia ulie wapi wala taa za kuwang'arisha waigizaji, na uhalifu ndani yake ni kibarua chenye hofu, madeni na kusubiri kwingi. Waingereza wenyewe huuita uhalisia wa kijamii. Hapa tunauita mkavu kwa sababu mbili: aliyesoma fasihi asije akauchanganya na uhalisia wa kijamaa, ule uliomtaka msanii aonyeshe wafanyakazi wakielekea kwenye ushindi, na pia huo ukavu ndio hasa unaowagombanisha watazamaji.

Ugomvi wenyewe una sura yake. Filamu ya kawaida ikiwa dhaifu, wengi huipa alama za katikati na kuisahau. Filamu kavu ya uhalifu hupewa sifa za juu na laana kwa pamoja, tena na watu walioitazama kwenye kochi moja. Mmoja anasema imemkaa kifuani siku tatu, mwenzake anasema amepotezewa saa moja na nusu. Hakuna anayedanganya. Mtu akiambiwa "filamu ya uhalifu" huingia na masharti kichwani: kutakuwa na fumbo na wa kulifumbua, kutakuwa na kukimbizana, adui atajulikana, na zaidi ya yote, steringi hafi. Uhalisia mkavu unayaacha masharti hayo moja baada ya jingine, tena bila kuomba ruhusa. Anayebaki na masharti yake anaona ameibiwa.

Mfano mkali ni Elephant ya Alan Clarke, iliyorushwa na BBC mwaka 1989. Ina dakika 39 na mauaji 18, yote Ireland ya Kaskazini wakati wa machafuko kati ya waliotaka kubaki chini ya Uingereza na waliotaka kuungana na Ireland. Mtu anatembea, na kamera inamfuata mgongoni kwa mwendo uleule wa miguu yake. Anaingia kwenye bwawa la kuogelea, au kituo cha mafuta, au ghala tupu. Anamkuta mtu, anampiga risasi, anaondoka bila kukimbia. Kisha kamera inarudi kwa aliyelala chini na kukaa naye kimya, muda mrefu kuliko unavyotaka. Halafu mwingine anaanza kutembea. Huambiwi majina, huambiwi nani wa upande gani, wala kosa la aliyeuawa. Filamu hiyo ilizua ubishi mkubwa, na ukiitazama unaelewa sababu: mtazamaji ananyimwa nafasi ya kusema "huyu alistahili" au "wale ndio wabaya", kwa hiyo hana pa kujificha. Kufikia mauaji ya saba au ya nane anaanza kuchoka, na uchovu huo Clarke aliutaka. Anayeandika kwamba "inajirudia mno" ameisoma filamu sawasawa, ila ameiita kasoro.

Lakini si kila ukavu ni uamuzi wa kisanaa. Sehemu yake inatoka mfukoni, na hapa mashabiki wengi hukosea kwa kuisifu kila dosari.

Shifty ya Eran Creevy, iliyoonyeshwa mara ya kwanza mwaka 2008, ilitengenezwa kwa pauni 100,000 na kupigwa picha kwa siku 18, chini ya Microwave, mpango wa filamu za bajeti ndogo wa Film London, wakala wa filamu wa jiji hilo. Ukurasa mmoja wa skripti huwa takriban dakika moja ya filamu, na Shifty ina dakika 85. Hiyo ni karibu kurasa 5 kwa siku, wakati filamu kubwa ya studio huridhika na 2. Kwa kasi hiyo huwezi kupiga tukio moja kutoka pembe sita. Unachagua moja au mbili, waigizaji wanacheza tukio zima bila kukatwa, na mtazamaji anahisi yuko nao chumbani. Hadithi yenyewe, ya kijana anayeuza dawa za kulevya pembezoni mwa London na rafiki aliyerudi baada ya miaka minne, inafanyika ndani ya saa 24. Hilo peke yake linaokoa fedha nyingi: nguo ni zilezile, nywele ni zilezile, nyumba ni chache. Muundo mzuri na bajeti ndogo vimeshikana mikono, na huwezi kuvitenganisha.

Vurugu nazo zina bei. Shati likishalowa damu ya bandia haliwezi kutumika tena kwa jaribio la pili, kwa hiyo unahitaji mashati matatu au manne yanayofanana, muda wa kumsafisha mwigizaji, na mtu wa kusimamia usalama. Ndiyo maana kipigo katika filamu hizi mara nyingi hutokea nyuma ya mlango, au mara moja tu, kwa sekunde chache. Mtazamaji aliyekuja kwa mapigano analalamika kwamba hakuna mapigano. Aliyekubali mwendo wa filamu anashtuka zaidi kwa kofi moja jikoni kuliko kwa risasi mia. Mwanga nao una masharti yake: mwezi Desemba jua la London huzama karibu saa 10 jioni, na asiye na taa za kukodi hufuata dirisha. Ile rangi ya kijivu ambayo wengine huisifu kama huzuni ya Uingereza mara nyingine ni saa ya kupiga picha tu.

Utatofautishaje uamuzi na dosari? Anza na sauti, kwa sababu jicho husamehe na sikio halisamehi. Picha yenye chembechembe au inayotikisika hugeuka kuwa sehemu ya mtindo baada ya dakika tano. Sauti mbaya haigeuki. Sikiliza mazungumzo ya watu wawili chumbani: picha inapohama kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine, je, mvumo wa chumba unakatika? Kama unasikia mngurumo wa friji au wa barabara ukija na kutoweka kila picha inapokatwa, hiyo ni dosari. Mtu wa sauti hakurekodi ukimya wa chumba kile, nusu dakika hadi dakika nzima ya hewa tupu, ambao mhariri hutandika chini ya maneno ili maungio yasisikike. Mwigizaji anayenong'ona ni jambo jingine. Mwaka 2014 BBC ilipokea malalamiko zaidi ya 2,000 kuhusu mazungumzo yasiyosikika katika tamthilia ya Jamaica Inn, na ile haikuwa kazi ya maskini. Kabla ya kuilaumu filamu, vaa spika za masikioni. Televisheni nyembamba nyingi huelekeza spika zake chini au nyuma, na maneno hupotelea ukutani.

Lalamiko la pili kwa ukubwa ni mwisho "usioisha". Hapa kipimo kizuri ni kurudi kwenye dakika kumi za kwanza na kujiuliza filamu iliuliza swali gani. Ikiwa iliuliza nani ameua, kisha ikazima taa bila jibu, una haki ya kukasirika. Mara nyingi swali lilikuwa jingine: je, huyu kijana atatoka? Jibu lake linaweza kuwa uso mmoja kwenye dirisha la basi. Adolescence, tamthilia ya televisheni ya mwaka 2025 kuhusu mauaji, si kazi ya bajeti ndogo, lakini inaonyesha jambo hili waziwazi: sehemu ya kwanza kati ya nne haiishi kabla hujajua nani ameua, na saa zote zinazobaki ni za kuuliza imekuwaje. Waliosubiri mgeuko wa mwisho walisubiri bure.

Kuna lawama moja inayostahili kuheshimiwa kuliko zote, nayo ni ile ya utalii wa umaskini. Mwongozaji anakwenda kwenye magorofa ya halmashauri, yale ya kupangishwa watu wa kipato cha chini, anachukua mvua, lifti mbovu, mtoto anayelia na mama anayelewa, kisha anarudi kupokea tuzo. Dalili yake ni rahisi kuiona: hakuna anayecheka. Watu wanaoishi kwa shida hutaniana mchana kutwa, na filamu isiyo na utani hata mmoja imedanganya hata kama kila tofali lake ni la kweli. Katika filamu za mwongozaji Shane Meadows watu hucheka sana, hasa katika nusu ya kwanza. Kicheko hicho ndicho kinachofanya ukatili uume, maana anayeumizwa ni mtu uliyekwisha kumzoea.

Wakazi wa mitaa inayoonyeshwa nao hawana kauli moja. Wapo wanaofurahi kuona hatimaye ngazi za jengo lao na lahaja yao kwenye skrini. Wapo wanaouliza kwa nini kijana mweusi wa London hupata kamera pale tu anaposhika kisu, na swali hilo halijibiwi kwa kusema filamu ni nzuri. Mwaka 2019, baada ya vurugu kwenye jengo la sinema mjini Birmingham, kampuni mbili kubwa za kumbi ziliiondoa Blue Story ya Rapman, na moja ikairudisha siku chache baadaye. Filamu yenyewe inapinga ugomvi wa mitaa. Wengi waliona kwamba kilichoogopwa ni waliokuja kuitazama. Pia kuna suala la umri: bodi ya madaraja ya filamu iliipa Sweet Sixteen ya Ken Loach daraja la 18 kwa sababu ya matusi, na hivyo vijana wa rika la mhusika mkuu, anayekaribia miaka 16, wakafungiwa nje ya hadithi yao.

Kwa mtazamaji wa Kiswahili, ugumu mkubwa huwa lugha. Lahaja ya Greenock, mji wa Scotland, katika Sweet Sixteen iliwashinda hata wanaozungumza Kiingereza tangu utotoni, na huko Marekani filamu hiyo ilionyeshwa ikiwa na maandishi chini ya skrini. Basi washa maandishi hayo bila aibu hata kama Kiingereza chako ni kizuri. Kwenye vibanda umiza filamu hizi hazina bahati, kwa sababu msimulizi anayezoea kujaza kila pengo kwa maneno hujikuta akifunika ukimya ambao ndio hadithi.

Mfasiri naye ana mitego yake. Vijana wa London katika tamthilia ya Top Boy wakisema "ends" wanamaanisha mtaa wao, wakisema "feds" ni polisi, na wakisema "food" hawana njaa: wanazungumzia dawa za kulevya. Ukiandika "chakula", mtazamaji anabaki akijiuliza mbona watu wanauana kwa ajili ya mapishi. Ukiandika "dawa za kulevya", umeua mficho ambao neno hilo liliwekwa kwa ajili yake. Kiswahili cha mtaani kina jibu tayari, nalo ni "unga". Mama anayepita mlangoni atadhani ni wa ugali, na anayetakiwa kuelewa ataelewa.