Kuwajibika kwa maisha yako si kujitwisha lawama

Dhana: Ukikubali kwamba maisha yako ni jukumu lako, umekubali pia kwamba kila baya lililokupata ulijitakia.

Ukweli: Hapa ndipo watu wengi wanapoumizwa bure. Lawama inauliza nani alisababisha. Wajibu unauliza nani atashughulika sasa. Mtoto aliyelelewa kwa matusi hana kosa hata chembe. Lakini akishakuwa mzazi, siku matusi yale yale yatakapomfika ulimini mbele ya mwanawe, wa kuyameza ni yeye tu. Kumwambia "ulijitakia" ni kumdhulumu mara ya pili. Kumwambia "huna la kufanya" nako ni kumnyang'anya kitu.

Mwaka 1967 wanasaikolojia Martin Seligman na Steven Maier walieleza jinsi mbwa waliopigwa shoti za umeme wasizoweza kuzizuia walivyokaa tu baadaye, hata pale walipoweza kukwepa. Wakasema mbwa wamejifunza kukata tamaa. Mwaka 2016 wenyewe walijisahihisha: kunywea mbele ya mateso ya muda mrefu ndiyo hali inayokuja yenyewe, na kinachofunzwa ni kule kujua kwamba unaweza kubadili jambo. Masahihisho hayo nayathamini sana. Anayesema "sina jinsi" kila siku si lazima awe mvivu. Pengine hajawahi kuona juhudi zake zikizaa kitu. Mtu huyo hahitaji kukaripiwa. Anahitaji jambo moja dogo analoweza kulifanya na kuliona limefanikiwa.

Dhana: Kuishi maisha yako halisi ni kutomjali mtu yeyote.

Ukweli: Edward Deci na Richard Ryan, waliochunguza motisha kwa miongo kadhaa, wanataja mahitaji matatu ya nafsi: kujiamulia, kuhisi unaweza, na kuwa karibu na wengine. Kujiamulia si kujitenga. Anayemuuguza mzazi wake kwa moyo wake mwenyewe anaishi maisha yake kamili. Tatizo liko kwenye ule ujumbe wa kuomba msaada: hujamaliza kuusoma, tumbo limeshakaza, na kidole kimeshaandika "hakuna shida". Shida ipo, na aliyekuomba hana namna ya kuijua. Jibu "nipe hadi kesho nifikirie" halimvunjii mtu heshima.

Dhana: Ukiamua kwa dhati, unabadilika mara moja, au kwa siku 21.

Ukweli: Phillippa Lally na wenzake jijini London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea tabia mpya. Kwa makadirio yao, ilichukua wastani wa siku 66, wengine 18 tu, wengine hadi 254. Kuruka siku moja hakukuharibu kazi iliyokwisha kufanyika. Kwa hiyo kama jana uliandika tena "hakuna shida" huku tumbo limekaza, ujumbe mwingine utakuja, na huo bado hujaujibu.