Maumivu ya Neva ya Uso: Maswali na Majibu Kabla Hujang'oa Jino Jingine

Haya ni maumivu gani?
Ni maumivu makali yanayopiga ghafla upande mmoja wa uso kama shoti ya umeme, hudumu sekunde chache hadi dakika 2, na huamshwa na mswaki, kunawa uso, kutafuna au hata upepo. Chanzo ni neva (mshipa wa fahamu) ya tano ya kichwa. Kwa wengi imebanwa na mshipa wa damu. Kwa wengine hitilafu imo ndani ya shina la ubongo (sehemu ya chini inayouunganisha na uti wa mgongo), mfano kovu lililoachwa na kinga ya mwili inaposhambulia utando wa neva, au na kiharusi.

Kwani si jino?
Si jino. Tunapokea wagonjwa waliokwisha kung'olewa magego yote ya upande mmoja, na maumivu yako palepale.

Labda limebaki jino moja bovu?
Hapana. Ikiwa daktari wa meno amelipima jino na kulipiga picha akalikuta zima, tafadhali usimshinikize aling'oe.

Dawa za dukani je?
Parasetamo na diklofenaki hazisaidii. Dawa ya kuanzia ni karbamazepini, kwa maelekezo ya daktari na vipimo vya damu. Usiiache ghafla kwa uamuzi wako. Lakini ukitokwa na vipele, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Upasuaji hufanywa lini, na vipi?
Dawa zikishindwa au zikileta madhara, na baada ya kipimo cha MRI (picha ya ndani ya kichwa kwa sumaku). Kutenganisha neva na mshipa wa damu hufaa zaidi pale mshipa unapokuwa ndio chanzo. Kovu likiwa kwenye shina la ubongo, matokeo ya upasuaji huo huwa hafifu. Kwa hiyo mara nyingi daktari hupitisha sindano shavuni hadi kwenye tundu la chini ya fuvu, kisha huichoma neva kwa joto, huidunga gliserini au huikandamiza kwa kiputo kidogo. Kovu lenyewe haliondolewi, maumivu yanaweza kurudi, na uso huweza kubaki na ganzi. Ganzi ikifika jichoni, lilinde kila siku, kwa sababu linaweza kuumia bila wewe kuhisi.

Nani asisubiri kumwona daktari?
Mwenye umri chini ya miaka 40, mwenye maumivu pande zote mbili, ganzi, kuona vitu viwiliviwili au udhaifu wa viungo.

Nina miadi ya kung'oa jino kesho. Nifanyeje?
Kama jino ni zima, iahirishe, uombe rufaa kwa daktari wa mishipa ya fahamu.