Beaujolais: mvinyo unaoanza kuchachuka ndani ya punje

Beaujolais ni eneo la vilima mashariki mwa Ufaransa, kati ya mji wa Mâcon na jiji la Lyon, upande wa magharibi wa mto Saône. Ndilo jina pia la mvinyo mwekundu unaotoka huko: mwepesi mdomoni, unaonukia matunda, usio na ukakasi mwingi. Wengi wanaujua kwa chupa moja tu, ile ya Novemba, na wakishaionja hulihukumu eneo zima. Hukumu hiyo si ya haki, na ili kuona kwa nini, inabidi tuingie kwenye tangi la zabibu.

Zabibu yenyewe huitwa gamay. Kwa nje ni nyeusi, lakini ukiipasua nyama yake ni nyeupe na maji yake karibu hayana rangi. Rangi ya mvinyo mwekundu iko kwenye ganda, na humo ndimo ilimo sehemu kubwa ya tanini, ile kemikali inayoukaza ulimi kama uliyetafuna ndizi mbichi au bibo. Mwaka 1395 Philippe le Hardi, mtawala wa Bourgogne, eneo la jirani upande wa kaskazini, aliamuru mizabibu ya gamay ing'olewe katika himaya yake. Aliuita mmea mbaya na usio mwaminifu, kwa kuwa ulizaa kupita kiasi na kutoa mvinyo hafifu kuliko wa pinot noir, zabibu aliyoipenda. Vipimo vya vinasaba vya siku hizi vimeonyesha kwamba gamay ni mtoto wa pinot noir hiyohiyo. Kusini kidogo, kwenye miteremko ya graniti ya Beaujolais, ilipata mahali pake. Udongo ule ni mkavu na hauna rutuba nyingi, hivyo mzabibu hauna nafasi ya kuzaa ovyo, na punje chache zinazopatikana huwa na ladha iliyokolea.

Sasa utengenezaji. Kwingi duniani mvinyo mwekundu huanza kwa kuzivunja zabibu: mabua huondolewa, punje hupasuliwa, chachu hukutana na sukari, na maganda hulowa kwenye maji hayo siku nyingi. Njia ya jadi ya Beaujolais haiko hivyo. Zabibu huchumwa kwa mkono, kichala kizima na bua lake, na vichala hutiwa tangini bila kupondwa. Uzito wa vilivyo juu ndio unaoviponda vilivyo chini. Maji yanayochuruzika huko chini huanza kuchachuka, na kuchachuka huko hutoa kaboni dioksidi. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hulijaza tangi kidogo kidogo na kuifukuza hewa.

Punje za juu bado ni nzima na bado zina uhai, ila oksijeni imekwisha. Zikinyimwa hewa, hubadili namna ya kuishi: vimeng'enya vyake zenyewe huanza kugeuza sukari kuwa alkoholi ndani ya ganda lililofungwa, pasipo chachu kushiriki. Haziendi mbali. Alkoholi ikikaribia asilimia 2 punje hufa na kulegea. Lakini kufikia hapo asidi ya maliki, ile ya tufaha bichi, imepungua sana; rangi imepenya kutoka kwenye ganda hadi kwenye nyama; na harufu za stroberi, rasiberi na cheri zimezaliwa. Tanini nyingi imebaki palepale kwenye ganda. Ndiyo maana mvinyo huu unaweza kuwa na rangi ya kupendeza na bado usikwaruze koo.

Kitaalamu kujichachua huku kwa punje nzima huitwa maserasi ya kaboni, na hii ya Beaujolais ni nusu yake, kwa sababu chini ya tangi chachu inafanya kazi yake ya kawaida wakati juu punje zinajichachua zenyewe. Ile kamili hutumia gesi inayoingizwa kutoka nje. Mfaransa Michel Flanzy alianza kuichunguza mwaka 1934. Baada ya siku kadhaa vichala huingizwa kwenye shinikizo, yaani mashine ya kukamulia, na maji yanayotoka hapo, matamu, ya waridi, yaliyochachuka nusu tu, wenyeji huyaita paradis, yaani peponi. Kisha chachu humalizia sukari iliyobaki.

Beaujolais Nouveau, ile chupa ya Novemba, hukaa tangini siku chache tu na kuuzwa wiki kadhaa baada ya mavuno. Ruhusa ya kuiuza mapema ilitolewa mwaka 1951, na tangu 1985 siku yake ni Alhamisi ya tatu ya Novemba. Ni mvinyo wa kusherehekea mavuno, na kwa kazi hiyo unafaa kabisa. Ile harufu ya ndizi mbivu ambayo watu huilalamikia hutoka kwenye kemikali ileile iliyomo katika ndizi yenyewe, na kiasi chake hutegemea sana aina ya chachu ambayo mtengenezaji ameichagua. Mwingine akitumia chachu inayoishi kwenye maganda ya zabibu zake, huenda usiisikie hata kidogo. Jules Chauvet, mtengenezaji na mkemia wa huko, aliitafiti chachu hiyo ya asili kwa miaka mingi, na wakulima wa kijiji cha Morgon kama Marcel Lapierre wakaifuata njia yake.

Kinachosahaulika zaidi ni vijiji. Kaskazini mwa eneo kuna majina kumi yanayosimama yenyewe, na mara nyingi neno Beaujolais halionekani waziwazi kwenye lebo: Saint-Amour, Juliénas, Chénas, Moulin-à-Vent, Fleurie, Chiroubles, Morgon, Régnié, Brouilly na Côte de Brouilly. Hapa vichala hulowa muda mrefu zaidi, na mvinyo hupata mwili, yaani uzito mdomoni. Fleurie hunukia maua. Moulin-à-Vent, penye madini ya manganizi ardhini, ni mzito na huweza kutunzwa miaka kumi. Morgon nao, hasa wa kilima cha Côte du Py, hubadilika sana kwa umri hadi Wafaransa wakaunda kitenzi, morgonner, kwa mvinyo unaoanza kufanana nao.

Ukipata chupa, usifuate ule ushauri wa kunywa mvinyo mwekundu katika joto la chumba, hasa kama chumba chenyewe kiko Mombasa au Dar es Salaam. Iweke kwenye friji hadi ifike nyuzi 13 au 14. Ikiwa moto, alkoholi hutangulia puani na cheri haisikiki tena.