Je, Eldorado ya 1976 ndiyo ya mwisho?

Wapenzi wengi wa magari ya kale ya Marekani huamini kwamba Cadillac Eldorado ya 1976, ile ya paa la kukunja, ndiyo ya mwisho ya aina yake kutengenezwa nchini humo, na kwa hiyo lazima iwe ghali. Imani hiyo ina chanzo: ndivyo gari lenyewe lilivyonadiwa. Soko la magari ya paa la kukunja lilishapungua, na watengenezaji walihofia kwamba kanuni za usalama wa gari linapopinduka zingeyapiga marufuku.

Marufuku iliyohofiwa haikuja. Mwaka 1982 Chrysler LeBaron ya paa la kukunja iliingia sokoni, 1983 ikafuata Ford Mustang, na 1984 Eldorado yenyewe ikarudi. Tena, zile za 1976 zilifikia kama 14,000, na baadhi ya wanunuzi walizifungia gereji wakingoja bei ipande. Adimu kweli ni 200 za mwisho: nyeupe, zenye michirizi myekundu na ya buluu kwenye boneti.

Ukiuziwa moja, chungulia kioo cha mbele upande wa dereva usome namba ya chasi. Huanza na 6L67, na herufi ya sita ni 6, yaani 1976. Linganisha bei na magari yaliyokwisha kuuzwa mnadani, wala si yanayotangazwa tu. Kisha omba paa lifunguliwe na kufungwa mbele yako. La miaka hiyo hujikunja kuelekea ndani, na vyuma vyake vikipinda kidogo hukwama.