Je, wajua kwa nini umio hupuliziwa ayodini kusaka saratani ambayo haijaanza?

Mtu anayefika hospitali akilalamika kwamba ugali unamkwama kifuani mara nyingi huwa amechelewa. Umio, ule mrija wa sentimita 25 hivi unaoshusha chakula tumboni, hutanuka kirahisi. Chakula kigumu huanza kukwama njia ikishabaki na upana wa kama milimita 13, na kwa wakati huo uvimbe umeshakomaa. Kinachofaa kuwahiwa ni displasia: seli za utando wa ndani zilizovurugika ila bado hazijapenya chini. Haiumi wala haizibi njia, na kamera ya kawaida inayoshushwa kooni mara nyingi huipita bila kuiona.

Seli nzima za umio hujiwekea akiba ya glaikojeni, aina ya wanga wa mwilini. Ayodini ikiigusa, utando hugeuka kahawia, sawa na kiazi kinavyobadilika rangi katika jaribio la wanga shuleni. Seli za displasia akiba hiyo zimeipoteza, hivyo rangi haishiki. Manesi wanaopima shingo ya kizazi kwa ayodini wanaujua mchezo huu.

Kwanza mgonjwa huulizwa kuhusu mzio wa ayodini na ugonjwa wa tezi ya shingo. Tezi ikiwa inafanya kazi kupita kiasi, kipimo hiki hakimfai. Umio huoshwa kwa maji, maana ute ukibaki huzuia rangi na kuacha mabaka ya uongo. Kisha mililita 10 hadi 20 za maji ya Lugol (ayodini iliyoyeyushwa), mara nyingi ya asilimia 1.25, hupuliziwa kuanzia karibu na mlango wa tumbo kwenda juu. Ukipulizia karibu mno na koo, mgonjwa atapaliwa. Dawa hii pia huwasha kifua, ndiyo maana wengine humalizia kwa sodiamu thaiosalfeti kuituliza.

Baka lililokataa rangi lisikutie kiwewe: hata mchubuko wa kawaida hukataa. La kushuku ni lile linalozidi milimita 5, lenye kingo zilizochongoka kama mipaka ya ramani, hasa likitoka njano na kuwa la waridi baada ya dakika mbili tatu. Hata hivyo, anayeamua ni mtaalamu wa maabara akishapata kinyama kilichokatwa hapo.

Katika uchunguzi uliofanywa Bomet, Kenya, watu wazima 305 wasio na dalili yoyote walipimwa hivi, na asilimia 14.4 wakakutwa na displasia. Si wote wataugua. Huko Linxian, China, watu walifuatiliwa miaka 13.5: waliokuwa na displasia ndogo, asilimia 24 walipata saratani, ya kati, 50, kali, 74.

Kwa hiyo ile kali huondolewa. Utando huvutwa kwa kifuko kilicho kwenye ncha ya kamera, ukafungwa mpira kwenye shina la sehemu iliyovutwa na kukatwa kwa waya wenye umeme. Baka kubwa huchunwa kwa kisu maalumu litoke zima. Kuunguza kwa mawimbi ya redio nako kupo, ila kilichoungua hakipimiki, na kina cha ugonjwa ndicho chenye neno: ukishafika tabaka lililo chini ya utando, huenda umegusa tezi za limfu, na hapo kamera peke yake haitoshi.

Jeraha likizidi robo tatu ya mzunguko wa umio, kovu huubana umio na chakula huanza kukwama upya. Njia hutanuliwa kwa puto, pengine mara kadhaa. Baada ya miezi michache ayodini hupuliziwa tena, kwa kuwa utando wa jirani umelelewa na chai ileile ya moto na moshi uleule vinavyoshukiwa kuleta ugonjwa huu.